Poda Iliyomngoja CT

Kila mwaka, mahafali yakikaribia, CT alipiga pasi suti yake ya kahawia akapanda jukwaani kuwafundisha vijana namna ya kumaliza walichokianza. Yeye mwenyewe alikuwa hajamaliza. Tulijua sote: wanafunzi, walimu, walinzi wa geti, hata akina mama wanaouza mikate ya kukaanga pale nje. Naye alijua kwamba tunajua, na bado alipanda, akagonga mikro kwa kidole mara tatu na kusema, "Batoto yangu, kuanza ni ya bote. Kumaliza ni ya bachache."

CT ni cheo. Kirefu chake ni chef de travaux, mtu aliyekwisha kuvuka uasistenti lakini hajafika kwenye uprofesa, maana uprofesa unataka udaktari, na udaktari unataka tasnifu iliyotetewa mbele ya jopo. Wenzake walipita kwenye cheo hicho kama watu wanaongoja basi. Yeye alihamia humo na virago vyake. Vijana aliowafundisha kuandika utangulizi walirudi kutoka masomoni wakiwa maprofesa, wakawa wanampungia mkono kutoka ndani ya magari yao. Cheo kikameza jina. Hata mkewe alimwita CT, na nimeshamsikia akimjibu kwenye simu mtu aliyemtaja mumewe kwa jina la ubatizo: "Hapana, papa, umekosea numéro."

Mimi nilimjua kwa njia mbili. Kwanza alinisimamia kazi yangu ya mwisho chuoni. Halafu, nilipotafuta ajira nikakosa, nilifungua kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi kwenye barabara ya Kasapa, hatua chache kutoka getini, naye akawa mteja wangu. Ndiyo maana nayajua maneno yake kuliko anavyoyajua yeye. Nimeyachapa yote, na mengine nimeyachapa mara tisa.

Kuna mzaha wa zamani wa wanafunzi kwamba barabara ya Kasapa ina chuo na ina gereza, na ni mahali pamoja tu kati ya hivyo viwili wanapokuambia mapema siku utakayotoka. CT hakuupenda mzaha huo. Akiusikia alikunja uso na kusema ni maneno ya wavivu. Nadhani ulimgusa penye kidonda.

Hotuba yake ilikuwa na nguzo saba za mafanikio. Ya kwanza ilikuwa nidhamu na ya saba kumaliza. Tano za katikati zilibadilika kufuatana na aliyemwalika. Kanisani, nguzo ya tatu ilikuwa maombi. Kwa wahitimu wa uhandisi ikawa hisabati. Siku moja wafanyabiashara wa jumla waliotoka Kivu walimwalika kwenye mkutano wao kule Kampemba, na nguzo ya tatu ikawa kuamka mapema. Watu waliofungua maghala yao tangu alfajiri walikaa wakamsikiliza kwa adabu mtu aliyefika saa tano akiwaeleza faida za kuamka mapema. Walimpigia makofi, wakampa soda, na hawakumwita tena.

Ukimpa nusu saa, alisema nusu saa ni ya salamu. Alipenda sana methali za wahenga, na wahenga wake walikuwa na methali ambazo hakuna mhenga mwingine aliyewahi kuzisikia. "Bankambo balisema," angeanza, huku ameinua kidole, "muntu mwenye kulima nusu ya shamba, nguruwe njo itamumalizia." Nilimuuliza bibi yangu mzaa mama kama kwao walisema hivyo. Alifikiri kidogo, akauliza huyo mwalimu anakunywa nini.

Methali za kweli nazo alizijua, na alikuwa na mbili alizozigawa vizuri. Mwanafunzi akichelewa kuleta sura yake, CT alimkemea: chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Ukimuuliza habari za tasnifu yake mwenyewe, alitabasamu na kusema haraka haraka haina baraka. Waswahili wanasema mganga hajigangi. Wanasema pia nyani haoni kundule, lakini hiyo niliimeza kila mara, maana alikuwa amenizidi umri.

Tasnifu yenyewe, basi, ilihusu nini? Ilihusu watoto wanaoacha shule kabla ya kumaliza. Sichekeshi. Alizunguka shule za mtaani kwao Naviundu na kwingineko akiwa bado kijana mwenye nywele, akawapa watoto karatasi za maswali, akawauliza nani anafikiri ataacha shule na kwa nini. Karatasi hizo alizihifadhi kwenye sanduku la chuma. Wale watoto wakakua, wakaoa, wakazaa, watoto wao wakaingia shule zilezile, na CT bado alikuwa anairekebisha sura ya tano. Nilimwambia siku moja kwamba sasa anaweza kuwauliza wajukuu. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniomba nimbadilishie ukubwa wa herufi.

Hapa lazima niseme habari za poda, kwa kuwa asiyetoka huku kwetu hataelewa. Lubumbashi, mtu akitoka kutetea kazi yake mbele ya jopo, ndugu na marafiki humngoja mlangoni na makopo ya poda, ile ya kupaka watoto wachanga. Akitokeza tu, wanammwagia kichwani, usoni, kwenye suti, na vigelegele juu. Anarudi nyumbani mweupe, hajifuti, ili mtaa mzima ujue. Bila poda ni kama hukupita. Mama yangu aliinunua yangu miezi minne kabla, akaificha chini ya kitanda.

Zamani, nikiwa mwaka wa kwanza wa kibanda changu, CT alifika mpaka mbele ya jopo. Nilikuwepo, nilileta nakala. Mkewe alikuwa amewaleta akina mama wa kwaya kutoka Naviundu, wote kitenge kimoja, kila mmoja na kopo lake, wakajipanga mlangoni. Ndani mambo yalikwenda vizuri. Kisha mmoja wa wajumbe akaomba kuziona zile karatasi za maswali zilizojazwa na watoto. Sanduku lilikuwa limebaki kwenye gari la shemeji yake. Mtu mwingine angemtuma mtu. CT, kwa ile nidhamu yake ya nguzo ya kwanza, akatoka mwenyewe mbio, na kwa woga alikuwa anatabasamu.

Akina mama waliona mlango unafunguka na CT anatokeza akitabasamu. Walitaka ushahidi gani tena?

"Docteur! Docteur wetu!"

Poda ikashuka kama magunia ya unga yamepasuka. Alipiga kelele, "Bado! Bado!" lakini kila alipofungua mdomo uliingia mkono wa mtu. Mama mmoja alianza wimbo. Alipojinasua, akafika kwenye gari, akarudi na sanduku lake ukumbini, alikuwa mweupe kuanzia upara hadi viatu, na macho mawili mekundu.

Mwenyekiti wa jopo, mzee mkavu ambaye hakuna aliyewahi kuona meno yake, alimtazama kwa muda mrefu. "Ah bon," akasema. "Monsieur amekwisha kujipa grade ya docteur yeye mwenyewe. Sisi tunabakia hapa kufanya nini?"

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Nilicheka na mimi, nakiri, nilicheka mpaka nikashika kiti cha mbele. Mwenyekiti alifunga jalada, akasema kikao kimeahirishwa hadi tarehe nyingine. Tarehe nyingine haikuja. Mwenyekiti alistaafu, mjumbe mmoja akahamia Kinshasa, na CT mwenyewe akaacha kuuliza. Mwaka uliofuata alianza zile hotuba za kumaliza.

Tangu siku hiyo hakukubali hata chembe ya poda imguse. Wanafunzi aliowasimamia wakitetea, alikuja na mwavuli, hata mwezi wa saba ambapo Lubumbashi haijui mvua ni nini. Alisimama mlangoni, makopo yakiinuliwa anaufungua, paa! Vijana wapya walidhani ni mtindo wa wasomi, na mmoja akaanza kumwiga. Ukimvuta aingie kwenye furaha alijibu kutoka chini ya mwavuli: "Hapana, hapana. Poudre yangu iko inaningojea."

Nayo kweli ilikuwa inamngoja. Kopo moja la siku ile lilibaki bila kufunguliwa, na CT alilileta kwangu, akaniita "mama" kama anavyomwita kila mwanamke. "Mama, unitunzie hii. Ku nyumba batapaka bajukuu." Nililiweka kwenye mtoto wa meza, nyuma ya stapla, likakaa humo miaka kumi na kitu. Kila nilipotafuta pini niliishika poda ya CT.

Ningependa kukuambia kwamba alikuwa mtu wa maneno matupu, nimalizie hapo. Ingekuwa rahisi. Lakini alisoma. Wapo wasimamizi wanaoipima kazi ya mwanafunzi kwa uzito wa jalada. CT alisoma kila ukurasa, na kalamu yake ya kijani ilikamata hata koma iliyosimama mahali pasipo pake.

Nikiwa mwaka wa mwisho, baba yangu aliachishwa kazi mgodini, na mimi nikaacha masomo bila kumuaga mtu. Nilikuwa nafua nguo uani kwetu Kampemba, maji yamenifika shingoni kwa kila namna, nikamwona CT anaingia kwa miguu, suti ya kahawia imejaa vumbi. Mama akamletea kiti.

"Mama, mi sikukuya kukaa," akamwambia. "Nilikuya kutafuta chapitre ya tatu. Iko wapi?"

"Sura ya tatu haiko, CT," nikasema. "Nimeacha."

"Sikukuuliza kama umeacha. Nilikuuliza chapitre iko wapi."

Akakaa hata hivyo. Akala bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, akaomba tena sombe, akahutubia kuku wetu juu ya kumaliza, hata kabla nguzo zake hazijazaliwa. Hakuondoka mpaka nilipoleta daftari na kuandika ukurasa mmoja mbele ya macho yake, mikono ikinuka sabuni. Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine. Nilimaliza ili asije tena. Kila nikitaka kumcheka mpaka mwisho, naukumbuka ukurasa ule.

Naye alijua kunilipizia kisasi, bila kukusudia. Alinigeuza mfano. Kwenye hotuba zake nilikuwa "Directrice Générale", mkurugenzi mkuu aliyeanza na sifuri. Siku moja alinipandisha jukwaani bila kuniuliza, mbele ya wahitimu ukumbi mzima.

"Huyu mama munamuona hapa, iko na entreprise yake! Mama, ambia batoto siri yako."

Nilikasirika kweli. Nilikuwa na shahada yangu ukutani, na kazi yangu ilikuwa kuchapa shahada za wengine. Nikashika mikro. "Siri yangu ni hii. Nilitafuta kazi, nikakosa. Leo niko na mashine mbili, moja ilikufa."

Vijana walivunjika mbavu. CT akanipokonya mikro, hana hata aibu: "Voilà! Kusema ukweli! Njo nguzo ya nne!"

Jioni ya siku hiyo alipita kibandani, nikamvaa. Nilimwambia kama ukweli ni nguzo ya nne, basi aniambie: kwa nini hakurudi mbele ya jopo? Tasnifu imeandikwa, nimeichapa mimi, si mbaya. Kwa nini anawasukuma watoto wa watu kwenye mlango ambao yeye anaukimbia na mwavuli?

Alikaa kwenye ile mashine iliyokufa. Kwa mara ya kwanza nilimwona anatafuta neno.

"Kukosa, mi naweza kubeba," akasema. "Muntu anakosa, anarudilia. Lakini ile siku balinicheka, mama. Bote. Na weye ulicheka, nilikuona."

Nilijisikia vibaya, na bado sikuacha kumkasirikia.

Kisha ikaja barua ya kustaafu. Ilikuwa na tarehe, na maana yake ilikuwa moja: asipotetea kabla ya tarehe hiyo, jalada lake linafungwa, na atakufa CT. Alinionyesha barua, akaikunja vizuri, akasema atakwenda kutoa hotuba yake ya mwisho kwanza. Nilimfuata. Nilitaka kuona jinsi mtu anavyoweza kufanya hivyo na karatasi ile mfukoni.

Alifanya. Nguzo zote saba, na mbili za nyongeza kwa ajili ya kuaga. Wakati wa maswali alisimama msichana mmoja wa safu ya nyuma, mpole, hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

"CT, aksanti kwa conférence. Mi niko na swali moja tu. Na weye, ulimaliza?"

Hata wale waliokuwa wanaangalia simu waliinua vichwa. CT alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Question suivante," akasema. Hakukuwa na swali lingine. Alikusanya karatasi zake, akashuka jukwaani, na suti ilimpwaya mabegani kuliko nilivyowahi kuona.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mlangoni kwangu kabla sijafungua, na sanduku la chuma. "Fungua thèse," akasema. Nikaifungua tasnifu kwenye kompyuta, na siku kumi na mbili tulikaa hapo. Umeme ulikatika, tukangoja, ukarudi, tukaandika. Alinikataza kumwambia mtu yeyote. Mkewe mwenyewe aliambiwa anafuatilia karatasi za pensheni. "Kwaya isiyue," alinisisitizia. "Hata muntu mumoja wa kwaya."

Siku aliyopangiwa kutetea, ukumbi ulikuwa na jopo, wanafunzi wawili waliokuja kukwepa jua, na mimi na pochi yangu. Suti ileile. Mwavuli uleule, ameuegemeza kwenye meza. Alipoanza kusema nilishangaa kwamba hakutaja nguzo hata moja. Alieleza habari za watoto. Alieleza kwa nini mtoto anaacha, kwamba mara nyingi si uvivu, ni siku moja tu ya kuchekwa, basi.

Mwenyekiti mpya aliuliza watoto wale wako wapi leo. CT akasita, akamtazama mjumbe mmoja wa jopo, profesa wa makamo mwenye tai ya bluu. Profesa akajikohoza.

"Mumoja iko hapa, président. Mi nilijaza ile karatasi. Niliandika kama nitaacha masomo, na niliacha. Huyu alikuya ku nyumba yetu kila siku ya Posho, kila Jumamosi. Nilirudilia masomo juu ya kumuchoka tu."

Walicheka, wote, na CT pia. Nilimwangalia kwa hofu. Hakushika mwavuli.

Tulitolewa nje, tukaitwa ndani, hati ikasomwa. Alipita, tena vizuri. Alipeana mikono na kila mtu, akachukua vitu vyake, akaenda mlangoni, na kwa mazoea, alipovuka kizingiti, akafungua mwavuli. Paa!

Hakikushuka kitu. Baraza lilikuwa tupu. Aliinamisha mwavuli, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mama, bantu beko wapi?"

"Ulikataza, CT."

"Ni kweli," akasema. "Nilikataza."

Nikafungua pochi, nikatoa kopo lake. Alilitambua. Alirudi nyuma hatua moja, akanyoosha mkono. "Ngoja. Soma kwanza procès-verbal, ile karatasi ya jopo. Weye mwenyewe, na macho yako." Nikaisoma, kwa sauti, mpaka kwenye saini ya mwisho. Ndipo alipofunga mwavuli, akavua miwani, akainama.

Poda ilikuwa imeganda kwa miaka. Nilitikisa, haikutoka. Ilibidi niikwangue na ufunguo wa kibanda, mabonge kwa mabonge, nikiyasaga kiganjani na kumwekea kichwani. Nilikuwa nalia na mikono inanuka mtoto mchanga. Nilijaribu kupiga kigelegele, peke yangu, kikatoka kibaya. Yeye alikaa vilevile, ameinama, mpaka kopo likaisha.

Alikataa teksi ya mlangoni. Alitaka kutembea mpaka getini, polepole, katikati ya njia, bila kujifuta. Ulikuwa msimu wa kutetea, familia zimejaa kila kona, vijana weupe wanapigwa picha, na mzee mwenye poda hakuwa ajabu kwa mtu yeyote, maana wazazi nao hupakwa ya watoto wao. Mama mmoja mnene, kopo mkononi, anamngoja wake, alituona tunapita akaangaza uso.

"Félicitations, papa! Mutoto yako amemaliza?"

CT alisimama. Nilimjua mtu huyu: hajawahi kujibu swali chini ya robo saa. Nikaweka pochi chini, nikangoja nidhamu, maombi, hisabati na nguruwe wa bankambo.

"Eeh, mama, aksanti," akasema. "Alikawia. Lakini alimaliza."